Kiharusi na Pumzi ya Kupanda Mwinuko

Wasikilizaji wa Meru na Embu, leo nataka tuzungumze juu ya uchovu wa mtu aliyepata kiharusi, na lawama anazobebeshwa kwa sababu ya uchovu huo. Mtu ametoka hospitali, mdomo umerudi mahali pake, maneno yanasikika, anasimama kwa fimbo na kutembea hadi mlangoni. Jamaa wanamshukuru Mungu. Miezi mitatu baadaye wanaanza kunong'onezana. Mbona bado anashinda ameketi? Mbona akishaoga anarudi kitandani? Mbona akifika tu langoni anarudi akihema? Wengine husema anajidekeza, wengine husema amekata tamaa, na wale wanaompenda zaidi humwambia apumzike, asijisumbue na lolote. Mimi nasema wote hao wameruka hesabu moja. Kiharusi humpunguzia mtu pumzi, na papo hapo hupandisha gharama ya kila kazi ndogo anayoifanya. Ni sawa na mtu ambaye mshahara wake umekatwa mwezi uleule nauli ilipopanda. Ikiwa pumzi hiyo haitarudishwa kwa mazoezi yaliyopangwa, ya kuhema na kutoka jasho, basi kuunyoosha mkono na kuukanda mguu hakutatosha kumrudisha kwenye shughuli zake.

Hesabu yenyewe inapimika. Wataalamu wa mwili hupima kazi kwa oksijeni inayotumika. Mtu aliyeketi kimya hutumia takriban mililita 3.5 za oksijeni kwa kila kilo ya uzito wake, kila dakika. Kazi nyepesi za nyumbani, kama kufagia na kuosha vyombo, zinataka kama mara tatu ya kiasi hicho, na kazi nzito mara tano, yaani mililita 17.5 hivi. Kila mmoja wetu ana kikomo, kiasi cha juu kabisa ambacho moyo, mapafu na misuli yake vinaweza kukitumia anapojikaza hadi mwisho. Tafiti za wazee zimeonyesha kwamba anayetaka kuishi bila kumtegemea mtu anahitaji kikomo cha mililita 15 hadi 18. Sasa tazama waliopata kiharusi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 yalikuta vikomo vyao viko kati ya mililita 8 na 22, yaani kati ya asilimia 26 na 87 ya wenzao wa umri huo ambao hawajaugua. Wengi wao, basi, wanaishi karibu na mpaka wa kujitegemea, au wameshaanguka chini yake. Kazi ambayo jirani anaifanya huku akizungumza, kwao ni kazi ya kujikaza hadi mwisho, tena asubuhi, kabla chai haijaiva.

Hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili iko kwenye mwendo wenyewe, na yeyote aliye na mgonjwa nyumbani anaweza kuiona akitazama kwa makini. Kidole gumba cha mguu uliopooza kinainama na kukwaruza chini. Ili kisijikwae, mgonjwa anainua nyonga nzima na kuuzungusha mguu kwa nje, nusu duara, ndipo autue. Goti halikunjiki vizuri, kwa hiyo mwili unapanda na kushuka kila hatua. Mkono wa upande huo umejikunja kifuani, hausaidii kusawazisha mwendo. Mguu mzima unabeba zamu yake na ya mwenzake. Ndani ya misuli kuna mabadiliko yasiyoonekana kwa macho: nyama ya paja la upande uliopooza hupungua, na nyuzi zake zile za kuvumilia kazi ndefu hugeuka kuwa za kasi zinazochoka upesi. Matokeo yake, umbali uleule humgharimu mtu mwenye mwendo huo nguvu mara moja na nusu, wakati mwingine hadi mara mbili, kuliko mtu asiye na kiharusi. Anayemcheka kwamba anatembea polepole hajui kwamba mwendo huo wa polepole ndio unaomwezesha kufika.

Na sisi huku hatuishi tambarare. Mito inayotoka Mlima Kenya kwenda Tana, Rupingazi, Thuci, Nithi, Mutonga, Kathita, imeichonga nchi hii kuwa migongo na mabonde. Nyumba na barabara ziko juu mgongoni, kijito kiko bondeni, na shamba la kahawa au la chai limening'inia katikati. Kitabu cha mazoezi kilichoandikwa mahali pengine kikisema mgonjwa atembee mita mia mbili, hakijui ni mita mia mbili za wapi. Iko kanuni inayotumika sana kukadiria oksijeni ya kutembea, nami nimeifuata hapa. Mtu asiye na kiharusi, akitembea kilomita 3 kwa saa kwenye tambarare, hutumia kama mililita 8.5. Mpandishe mwinuko wa mita moja kwa kila mita kumi, ambao kwa mtu wa Nkubu au wa Runyenjes si mwinuko wa kutajwa, naye anafika mililita 17.5. Imezidi mara mbili, na bado hatujaongeza gharama ya mguu unaozungushwa, wala mtungi wa lita 20 mkononi. Aliye na kikomo cha mililita 14 hawezi kabisa kuupanda mwinuko huo kwa mwendo huo. Si ukaidi wala uvivu, ni hesabu. Wa Mbeere, kule Siakago na Kiritiri, wana ardhi iliyolala zaidi, lakini wana umbali na jua. Ongeza choo cha shimo kinachomtaka mtu achuchumae, na kigoda cha jikoni kilicho chini kuliko goti. Kuinuka kutoka hapo kwa mguu mmoja wenye nguvu ni kazi nzito kuliko sehemu kubwa ya mazoezi anayofanyiwa mgonjwa kitandani.

Watakaonipinga kwanza ni wale wa kumpumzisha. Wanasema moyo wake umedhoofika, presha iko juu, akijichosha atapata kiharusi cha pili. Hofu hiyo naiheshimu, maana inatoka kwenye mapenzi, na kuna sehemu ambayo ni kweli. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa ulioitwa AVERT, wa wagonjwa 2,104 katika nchi tano. Waliosimamishwa na kutembezwa kwa wingi tangu ndani ya saa 24 za kwanza walipata nafuu ndogo kuliko waliohudumiwa kwa kawaida: baada ya miezi mitatu, asilimia 46 walikuwa katika hali nzuri, dhidi ya asilimia 50. Kwa hiyo siku za mwanzo si za pupa, na hapo daktari na muuguzi ndio wa kusikilizwa. Lakini wiki zikigeuka miezi, kupumzika kunageuka kuwa ugonjwa wa pili. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana watano wenye afya, wa umri wa miaka 20, walilazwa kitandani wiki tatu kwa ajili ya utafiti. Kikomo chao cha oksijeni kilishuka kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ilionekana kwamba miaka hiyo yote ya kuzeeka haikuwa imewapunguzia pumzi kiasi zilivyowapunguzia zile wiki tatu za kulala. Ikiwa wiki tatu ziliwafanyia hivyo vijana wazima, zinamfanyia nini nyanya wa miaka 65 aliyewekwa kwenye kiti cha plastiki barazani tangu Pasaka, akiletewa kila kitu mkononi?

Tena pumzi inarudi, na hili ndilo ninalotaka lisikike. Huko Baltimore, mwaka 2005, watafiti walichapisha kazi waliyoifanya na watu 61 ambao kiharusi chao kilikuwa kimepita zaidi ya miezi sita, yaani watu ambao kwa kawaida huambiwa kwamba walichokipata ndicho watakachobaki nacho. Nusu yao walitembezwa kwenye mashine ya kutembelea kwa miezi sita, kasi ikipandishwa kidogo kidogo. Wengine walipewa mazoezi ya kawaida ya kunyoosha viungo na kutembea kidogo. Kikomo cha oksijeni cha kundi la kwanza kilipanda kwa asilimia 17, cha kundi la pili asilimia 3. Umbali waliouweza kwa dakika sita uliongezeka kwa asilimia 30 dhidi ya 11. Turudi kwa mtu wetu wa mililita 14. Akipata asilimia 17 anafika mililita 16 na kitu. Kutembea tambarare kwa kilomita 3 kwa saa, ambako kwa mguu wake kunaweza kumgharimu mililita 12 au 13, kulikuwa kunakula asilimia 90 ya uwezo wake. Sasa kunakula chini ya 80. Mguu bado ni uleule na fimbo ni ileile, lakini anafika akiwa na pumzi ya kumsalimia aliyemkuta. Mapitio ya mwaka 2020 yaliyoongozwa na watafiti wa Edinburgh, yakikusanya tafiti 75 na washiriki 3,017, yalithibitisha jambo hili kwa upana: mazoezi ya moyo na mapafu, peke yake au pamoja na ya kutia misuli nguvu, hupunguza ulemavu na huboresha mwendo na uwezo wa kusimama imara. Wengi wa washiriki hao walikuwa tayari wanaweza kutembea, na ni haki kulitaja, kwa sababu asiyeweza kusimama kabisa anahitaji mwanzo mwingine.

Pingamizi la pili ni la kwetu hasa. Mtu atauliza: mkulima wa Meru anahitaji mazoezi gani zaidi ya jembe? Swali hilo lina uzito, kwa kuwa kazi za shamba ni mazoezi makubwa, na wazee wengi wa huku wana miguu ambayo mtu wa ofisini angeitamani. Lakini hayo ni ya kabla ya kiharusi. Baada yake, jembe haliji kwa viwango. Ama mtu halishiki kabisa, ama analishika siku moja kwa hasira, kwa sababu amechoka kuitwa mgonjwa, analima mistari miwili huku amebana pumzi, presha inapanda, kisha analala siku tatu. Mazoezi yanayorudisha pumzi yana tabia tofauti: yanaanza chini, yanarudiwa, yanaongezwa polepole. Shamba linaweza kutoa hayo pia likipangwa, kwa mfano kuchuma majani ya chai kwenye ngazi iliyo sawa kwa dakika kumi, kupumzika, kurudia, na wiki inayofuata kuongeza. Kumkanda mgonjwa kwa mafuta, jambo tunalolifanya kwa moyo sana, humtuliza na humwonyesha kwamba anapendwa, ila hakuufanyi moyo wake upige zaidi, na bila moyo kupiga zaidi hakuna pumzi itakayoongezeka. Na kwa wale wa Igembe na Mbeere wanaotafuta nguvu kwenye miraa au muguka, naomba mnisikie: majani hayo huficha uchovu na hupandisha presha, na presha ndiyo iliyowafikisha wengi hapo.

Daktari makini anaweza kuniambia kwamba nimerahisisha mambo, kwamba si uchovu wote ni wa pumzi. Nakubali. Kiharusi kinaweza kuuchosha ubongo wenyewe, huzuni huja nacho, usingizi huvurugika, na baadhi ya dawa huleta ulegevu. Ushahidi kwamba mazoezi huondoa uchovu wa aina hiyo bado ni mdogo. Ndiyo maana hoja yangu nimeiweka kwenye kazi: nguvu ambazo kazi inadai, na nguvu alizonazo mtu. Mwenye huzuni ahudumiwe huzuni yake. Asiyelala ashughulikiwe usingizi. Hata hivyo, akishapata nafuu ya hayo yote na kikomo chake kikabaki mililita 12, mwinuko wa kutoka kisimani utamshinda vilevile. Ninachokikataa ni ile desturi ya kuupa uchovu majina ya tabia, uvivu, kudeka, kiburi, kabla hata mtu mmoja hajakadiria uzito wa anachofanya. Na wanawake ndio huumizwa zaidi na desturi hiyo. Mzee akiketi barazani hakuna anayeshangaa. Mama asipopika kwa siku nne, watu wanaanza kumtazama, ingawa kupika kwa mafiga matatu, kuinama, kuchuchumaa, kupuliza moto na kuinua sufuria ya githeri, ni mojawapo ya kazi ghali zaidi katika boma.

Linabaki pingamizi la uwezo, nalo ndilo gumu kuliko yote. Ni nani atasimamia mazoezi hayo? Hospitali ya rufaa ya Meru ina idara ya fiziotherapia, ya Embu pia, na hospitali za misheni kama Maua, Nkubu, Kyeni na Chogoria zimewahudumia watu wa mlima huu kwa miongo mingi. Lakini mgonjwa wa Tigania au wa Mbeere Kusini akiruhusiwa kwenda nyumbani, nauli ya bodaboda na matatu kwenda kliniki kila wiki inaishinda familia kabla ya mwezi kwisha. Mtu atasema, basi wafundishwe jamaa. India walilijaribu hilo kwa umakini. Utafiti wa ATTEND, uliotolewa mwaka 2017, uliwachukua wagonjwa 1,250 katika hospitali 14, jamaa wa kundi moja wakafundishwa namna ya kumhudumia na kumfanyisha mgonjwa mazoezi nyumbani. Baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti kati yao na waliopata huduma ya kawaida: asilimia 47 ya kila kundi walikuwa wamefariki au bado wanategemea wengine. Matokeo hayo yanauma, na asiyeyataja anapotetea tiba ya nyumbani anawaficha watu jambo. Ninavyoyasoma mimi, hayasemi kwamba nyumbani hakufai. Jamaa wale walifundishwa kumgeuza mgonjwa, kumweka viungo vizuri, kumhamisha na kumsaidia kufanya kazi za kila siku. Kupandisha pumzi kwa viwango, wiki hadi wiki, kukiwa na mtu wa nje anayerudi kupima, ni jambo jingine. Familia iliyoachiwa mzigo peke yake huchoka pia, na wakati mwingine humsaidia mgonjwa mno.

Mtu huyo wa nje tunaye. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, na mkoba aliopewa kila mmoja una kipima presha. Mhudumu huyo ni jirani, anajua njia za kijiji, anajua kwa nani kuna mwinuko na kwa nani kuna kijito cha kuvuka. Akifundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia wa kaunti, anaweza kulibeba hili. Apime presha kwanza, na ikiwa juu mno mazoezi yaahirishwe na mgonjwa apelekwe kituoni. Ahakikishe dawa zinamezwa. Kisha atafute mahali palipo sawa, hata uwanja wa kanisa au wa kiwanda cha kahawa siku ambayo hakuna mazao, na mgonjwa atembee hapo kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza lakini haumruhusu kuimba. Chama cha Moyo cha Marekani hupendekeza dakika 20 hadi 60, siku tatu hadi tano kwa wiki, na dakika hizo zinaweza kugawanywa kumi kumi. Asiyeweza kutembea aanze kwa kusimama na kuketi kwenye kiti kirefu, mara tano, apumzike, arudie, mtu akiwa karibu, na kiti kishushwe kidogo kadiri wiki zinavyopita hadi afikie kimo cha kigoda. Mwinuko uje mwisho. Kifua kikiuma, kichwa kikizunguka, au upande mmoja ukilegea upya, ni hospitali, si kesho.

Kwa wanaopanga bajeti za afya katika kaunti hizi nina ombi moja ambalo halihitaji mashine. Kabla mgonjwa wa kiharusi anayeweza kutembea hajaruhusiwa kwenda nyumbani, atembezwe dakika sita kwenye njia iliyonyooka ya mita 30, na umbali wake uandikwe kwenye karatasi ya kutokea, pale pale zinapoandikwa dawa. Inatakiwa njia ya kutembelea na saa tu. Pamoja na umbali huo yaandikwe majibu ya maswali mawili aliyoulizwa kuhusu nyumbani: maji yako umbali gani, na njia ya chooni inapanda au inashuka. Baada ya miezi mitatu mhudumu wa afya ya jamii apime tena kijijini, kwenye njia ya urefu uleule, na karatasi irudi kwa mtaalamu. Ikiwa mita zimeongezeka, mazoezi yapandishwe. Ikiwa zimebaki palepale au zimepungua, mtu huyo aitwe kliniki na nauli yake ilipwe.